Kijiti cha Bibi Merina

Nikiwa darasa la nne, njia yetu ya kwenda shule haikuchaguliwa na baba wala mwalimu. Ilichaguliwa na kijiti. Kijijini kwetu, milimani juu ya Kilosa, kuna ziwa dogo, na shule ilikuwa ng'ambo yake. Njia zilikuwa mbili: ya chini, fupi na tambarare, iliyopita ukingoni mwa maji, na ya juu, iliyopanda mgongo wa mlima hadi magoti yakalegea. Kila masika, Bibi Merina, mama yake baba, alichomeka kijiti cha mwanzi pale njia ya chini inapoanza. Alikichomeka jioni akienda kuteka maji. Asubuhi tukikikuta kimesimama wima, tulipita chini. Tukikikuta kimeinama, basi mwenye ziwa amejigeuza usiku, na hakuna mtoto wa kukanyaga ukingo siku hiyo.

Mwenye ziwa alikuwa joka. Hakuna aliyewahi kuliona, lakini kila mtu alijua lilivyolala, kichwa chini ya ukingo na mkia kwenye matete. Bibi alikuwa Mwanglikana asiyekosa ibada, na hakuona ugomvi wowote kati ya Jumapili yake na kijiti chake.

Nayasema haya kwa sababu mwezi uliopita nilikasirishwa, na hasira hiyo haijaniisha.

Kijiji kimepata mradi wa utalii. Wageni wanaokuja kuona tembo Mikumi wapandishwe huku na watoto wao, watembee kando ya ziwa, wale mahindi ya kuchoma. Jambo jema, sina neno nalo. Tukaitwa ofisi ya kijiji kuchagua njia. Kijana wa mradi, Kelvin, alituamkia vizuri wakubwa wote, kisha akafungua ramani kwenye kompyuta. Njia ya juu, akasema, ni ya vijana wenye mazoezi. Ya chini ndiyo ya familia, maana hata mtoto wa miaka mitatu ataimudu.

"Halafu ina stori kali," akasema. "Pale mwanzo tunaweka bango: mchawi aliyemlisha joka mjukuu wake. Wageni wanapenda sana vitu kama hivyo."

Mwenyekiti akacheka. Watu wazima, wenye wajukuu wao, wakacheka. Mchawi huyo ni bibi yangu. Mjukuu ni Yohana, mdogo wangu, aliyekuwa darasa la kwanza.

Siku ile tulichelewa. Mwalimu wa zamu alisimama getini na fimbo, na aliyechelewa alichapwa bila kuulizwa anatoka wapi. Nilikuwa nimeshachapwa Jumatatu na Jumanne. Nikatangulia mbio, Yohana akabaki nyuma anahangaika na kaptula iliyompwaya. Nikakikuta kijiti kimeinama, kimelalia upande wa maji. Maana yake niliijua kama ninavyolijua jina langu. Nikapiga magoti, nikakinyoosha, nikakishindilia tope kwa viganja.

Yohana akafika akihema. Alikuwa akiliogopa joka kuliko fimbo.

"Dada, kimesimama?"

"Kimesimama. Twende."

Akanishika sketi. Tulipofika katikati, ukingo ulimeguka nyuma yangu kwa sauti ndogo tu, kama gunia linapotuliwa chini. Nilipogeuka, sketi ilikuwa imechanika na njia haikuwepo. Walimpata kesho yake kwenye matete.

Jioni ile, watu wakiwa bado ziwani wanamtafuta, bibi aliniita jikoni.

"Eliza, ulikikuta kimesimama?"

"Ndiyo, bibi."

Akanitazama viganja. Tope lilikuwa limekauka chini ya kucha.

"Haya," akasema. "Kanawe mikono kabla mama yako hajarudi."

Baada ya mazishi, kijiji kizima kilikwenda kukitazama kijiti. Kilikuwa wima. Maneno yakaanza hapo: huyu mama anazijua siku zote za joka, mbona siku ya mjukuu wake kijiti chake kilisema njia ni salama? Wakaacha kumwitikia salamu. Wakarusha mawe juu ya bati lake. Neno moja tu kutoka kwake lingewanyamazisha, na hakulitamka. Akahamia kwa kaka yake, kijiji cha Malolo, na beseni moja la nguo, akafia huko. Mimi nilikuwa na mdomo, na sikuutumia.

Miaka mingi nilimkasirikia yeye. Kwa nini joka? Kwa nini asiniambie tu kwamba udongo ukishiba mvua unateleza, na kijiti kinauonyesha? Sasa nadhani alinipa alichopewa na bibi yake, na kilitosha. Mtoto aliyekiamini alikuwa Yohana. Nikamkasirikia mwalimu, nikawakasirikia majirani. Niligawa hasira kwa kila mtu ili nisibakiwe na ya kwangu.

Mle ofisini nikasimama.

"Bango hilo haliwekwi," nikasema. "Na mtoto wa mtu hapiti chini."

"Mama Neema, tulia," akasema mwenyekiti. "Hiyo ni hadithi tu."

"Si hadithi. Kijiti kilikuwa kimeinama. Nilikinyoosha mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa na hasira na yule binti wa darasa la nne na bado nilitaka kumkumbatia.

Jioni hiyo nilikichomeka kijiti mwenyewe, mahali pale pale. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi nikashuka na Kelvin na mwenyekiti, tukakikuta kimelalia maji. Kelvin akatoa simu apige picha. Kabla hajapiga akainama, akanyoosha mkono akiweke sawa kitokee vizuri.

Nikamchapa mkono, kofi la mama mzazi.

"Kiache!"

Akaurudisha mkono polepole. Akakitazama kijiti, akayatazama maji, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa jinsi lilivyo jambo jepesi kukinyoosha.

Ramani mpya ina njia moja ya familia, ya mgongoni. Bango nimeliandika mimi, lina jina la Bibi Merina na maneno matatu: Kijiti hiki hakiguswi. Watoto watalalamika kwamba magoti yanauma. Walalamike mpaka wafike.