Leteni Viti Vyenu

Haya aliyasimulia Orville Hochstetler Jumatatu iliyopita, na Verlene Stuckey mwenyewe akayathibitisha huku akimkatiza kila mara.

Saa moja asubuhi, Ijumaa. Verlene, miaka 71, anawasha redio ya uwanja ndani ya nyumba yake ya magurudumu. Mawimbi yake hayafiki hata barabara kuu, lakini yanazitosha nyumba 1,140 za wasafiri zilizoegeshwa kwa mkutano wao wa kila mwaka kwenye uwanja wa maonyesho ya mifugo, jimbo la Indiana, Marekani.

"Amkeni. Gari la kunyonya maji machafu linaanzia safu ya nne. Mbwa mweupe amepotea, anaitwa Biskuti. Saa nne somo la breki, banda la ng'ombe. Leteni viti vyenu."

Hilo la mwisho halikosi. Mkutano uwe wa sala, wa breki au wa aiskrimu, kila mtu huja na kiti chake cha kukunja. Verlene amelitangaza miaka kumi na sita.

Halipwi mshahara. Hupewa nafasi ya kuegesha, umeme na maji kwa siku kumi. Aliuza nyumba ya matofali ili amtibu mumewe, na mume akafa vilevile. Akikosa kazi hii, siku hizo hana pa kuegesha bure.

Ndiyo maana alimtazama kwa jicho la pembeni Brady Kessler, mtaalamu wa miaka 38 aliyeletwa na kamati kutuma matangazo kwa simu.

"Alikuwa ananipima kama fundi wa majeneza," anasema Verlene. "Mara anauliza nasema nini, mara saa ngapi. Nikamwambia, mwanangu, sema tu unataka nafasi yangu."

Saa tisa mchana simu zote zikalia pamoja: "Dhoruba kali inakuja. Nendeni banda la ng'ombe sasa hivi. Viti vipo."

Hakuna aliyetoka.

"Viti vipo?" Orville alimwambia mkewe, Lavonne. "Nani amewahi kutupa kiti hapa? Hao ni wauza magodoro. Mwaka juzi si walituita kwenye chakula cha bure, wakatufungia ndani saa mbili wakituuzia magodoro?"

"Magodoro gani! Ni wezi, wanataka tutoke wapekue," akajibu Lavonne, akafunga mlango kwa ndani.

Verlene naye aliona mtego: atangaze uongo, afukuzwe. Brady akaja mbio.

"Mama, tangaza!"

"Viti umevitoa wapi?"

"Vya wanunuzi wa ng'ombe. Viko mia mbili."

"Watu elfu mbili, viti mia mbili? Nani kakutuma?"

"Mama, tazama mbingu!"

Akatazama. Magharibi kulikuwa kijani, rangi ya mbingu kabla ya kimbunga.

Saa hiyo redio nyingi zilikuwa zimezimwa. Wakarukia kigari cha umeme, Brady akiendesha, Verlene ameshika kipaza sauti cha mkononi.

"Ni Verlene! Kimbunga! Banda la ng'ombe! Leteni viti vyenu!"

Milango ikafunguka safu kwa safu. Wakatoka na viti kwapani, na mbwa, na dawa zao za presha. Orville alibeba viwili.

Upepo ulipindua nyumba kumi na moja, ya Orville ikiwemo. Aliyeumia ni mmoja, aliyebanwa kidole na kiti chake.

Umeme ulikatika, wakalala humo humo bandani. Brady akamletea Verlene kahawa.

"Mama, mwakani nikiandika, niweke 'leteni viti vyenu'?"

"Ahaa! Ndiko ulikokuwa unaelekea tangu mwanzo."

"Basi andika wewe, mimi nitume."

Verlene akakubali, kwa masharti. Mpango wake wa mwakani ndio huo: ataandika kwa mkono wake, Brady atume, naye asome redioni vilevile. "Kwa maandishi, yenye sahihi ya kamati," anasisitiza. "Na kipaza sauti hakiguswi."

Usiku ule Lavonne alilala wa kwanza, kisha Orville. Brady akaanza kukoroma kitini. Verlene akamsikiliza kwa muda mrefu, mpaka akaridhika kwamba anakoroma kweli. Ndipo akakiweka kipaza sauti chini ya kichwa, naye akalala.