Maji ya Alhamisi

Kwenye mfereji wetu wa Bendera kuna sharti moja: hakuna anayefungua maji siku isiyo yake. Tumainieli alilijua. Alilikubali mbele ya kamati ya mfereji siku alipopewa zamu ya Jumanne.

Alishuka kutoka Vudee kwa sababu muwa wa kule juu hukua polepole kwa baridi. Huku tambarare alipata jua kali na udongo wenye kina usiotuamisha maji. Kilichobaki ni mfereji, maana muwa mchanga hunywa sana. Alifuata zamu yake mwaka mzima, na miwa ikampita kimo.

Kisha majani ya chini yakakauka. Muwa uliokomaa ndivyo ulivyo. Wakati huo hunyimwa maji wiki kadhaa ili utamu upande. Lakini kwao Vudee, kando ya vijito, hakuna aliyewahi kuunyima muwa maji, naye akadhani shamba linakufa. Alhamisi adhuhuri akabomoa ukingo na kuyageuza maji kwake.

Alhamisi ilikuwa ya Sadock, jirani yake, ambaye maharage yake yalikuwa yanatoa maua. Alikuja na jembe akaanza kuziba. Tumainieli akamsukuma matopeni. Sadock akainuka, akaendelea kuziba huku akicheka kwa hasira.

"Mwanetu, umeshuka na baridi ya mlimani kichwani. Hiyo miwa sasa inataka kiu. Unaninyang'anya maji ukaiharibu nayo."

Mahakamani Tumainieli alisema kilichomponza ni kile kicheko. Mimi sikubali. Kicheko hakimshikishi mtu panga. Alimkata Sadock begani, akamkata tena mkono alioinua kujikinga, na alipokwisha kuanguka akamkata mara ya tatu. Jenoveva, mke wa Tumainieli, alimrukia mumewe mgongoni kumzuia, akapigwa ubapa wa panga usoni. Majirani walifika wakampiga Tumainieli kwa mipini ya majembe mpaka akazimia, na hilo nalo lilikuwa kosa. Muda wote huo hakuna aliyekumbuka kumalizia kuziba ukingo. Maji yaliingia kwenye miwa yakiwa mekundu.

Miwa ilichipua upya. Mnunuzi alipokuja alitafuna kipande kimoja, akatema, akaondoka.

Sadock alikatwa mkono wa kulia hospitalini. Jenoveva haoni kwa jicho la kushoto. Tumainieli amefungwa miaka kumi na miwili.