Khufu za Awoowe Mikononi Mwangu

Nianze na ujinga wenyewe, nisije nikaonekana mtakatifu kabla hujafika katikati. Nilichukua khufu za babu yangu, nikazivaa mikononi, nikapanda nazo pikipiki.

Kwa asiyejua, khufu ni soksi za ngozi. Mtu akishatawadha na kuosha miguu anazivaa, na udhu unaofuata siku hiyo hana haja ya kuosha miguu tena. Anapitisha vidole vyenye maji juu ya ngozi, basi. Ni khufu, si khofu. Ingawa mimi mwezi huu nimezivaa zote mbili.

Awoowe, ndivyo tunavyomwita babu mzaa mama, ana sukari, na nyayo zake zimepasuka kama tope la bwawa lililokauka. Kwenye zahanati walimwambia asiziloweshe ovyo. Kwa hiyo kila alfajiri mama humpashia maji kidogo, anaosha miguu mara moja, anaikausha, anavaa khufu, na siku nzima amepumzika. Alikuwa na pea kuukuu ya kila siku, na pea mpya aliyoletewa kutoka Makka, nyeusi, laini, iliyolala kwenye sanduku la bati ikinukia udi. Hiyo mpya ndiyo niliyochukua. Nilijiambia naazima. Lakini mtu anayeazima hafungui sanduku huku ameshikilia bawaba isilie.

Kisa ni baridi. Najua watu wa Nairobi hucheka ukiwaambia Garissa kuna baridi. Waje mwezi wa nane, alfajiri, wakae juu ya pikipiki na shati moja, upepo utoke upande wa mto uwaingie mikononi hadi kwapani, halafu tucheke pamoja. Mjomba wangu, abti, ni mtu wa mifugo, na ofisi imempa pikipiki, ambayo awoowe huiita bikibiki. Ukimcheka anasema, "Bikibiki ndiyo hiyo hiyo, mbona inakwenda?" Shule zikifungwa abti hunichukua twende kuchanja mbuzi njia ya Kotile, mimi nyuma nikikumbatia sanduku la dawa lenye barafu. Safari ya kwanza vidole vyangu vilikufa kabisa. Tulipofika nilishindwa hata kufungua zipu, na sitaeleza zaidi.

Abti ana ujuzi wake. Huvaa mifuko ya plastiki ya mkate mikononi, juu yake soksi zilizotoboka, na barabara ikinyooka anauingiza mkono wa kushoto chini ya paja na kuukalia kama kuku anayeatamia. Wa kulia hauwezi, una kazi ya mafuta. "Wa kulia ni wa serikali," husema. "Wa kushoto ndio wangu."

Safari ya pili aliahidi nitaendesha kipande. Hapo ndipo akili yangu ikaniletea khufu za Makka.

Tulipopita nyumba za mwisho abti akasimama tubadilishane. Nilipozitoa kwenye koti na kuzivaa, alizitupia jicho.

"Hizo si za mzee?"

"Kuukuu zile. Amenipa."

"Amekupa uvae mikononi?"

"Amesema mkono na mguu ni ndugu."

Abti alicheka, na kicheko kikamaliza maswali. Hivyo ndivyo ninavyoishi, nachekesha watu wasiniulize swali la pili.

Sasa, khufu haina vidole. Nilishika klachi kama ngamia aliyepewa kikombe cha chai. Gia ya kwanza iliingia kwa bahati, ya pili kwa dua, ya tatu haikuja. Upepo nao ukaingilia pale mguu unapoingilia, ukajaa ndani, mikono ikawa baridi kuliko kama ningeiacha uchi. Baada ya muda pikipiki ikazimika, abti akapiga magoti kusafisha plagi, nami nikaona nafasi yangu. Nikaibandika mikono yote miwili kwenye bomba la moshi.

Ngozi ilikuwa nene na vidole vimekufa, kwa hiyo sikusikia kitu. Abti ndiye aliyesikia, kwa pua. Aliuliza bila kugeuka, "Nani anachoma nyama saa hii?"

Khufu ya kushoto ilikuwa na tundu, juu, karibu na vidole. Dogo tu, kama punje ya mahindi. Nikaivua, nikaificha, nikamwambia abti ni mpira wa kiatu changu.

Jioni ile nyumbani kwetu Galbet nilifanya ujinga wa pili. Nilitafuna bablish ya mnanaa mpaka ikaisha utamu, nikaziba tundu, nikaisawazisha kwa kijiko, nikapaka rangi nyeusi ya viatu. Kwa mbali ungeapa ni ngozi. Nilijisifu kabisa. Nikazirudisha kwenye sanduku, nikijua atazivaa Idi, na Idi ilikuwa mbali.

Kesho yake, Ijumaa alfajiri, pea kuukuu ikachanika kisigino. Awoowe akafungua sanduku.

Dugsi, chuo chetu cha Kurani, nimekwenda tangu utotoni, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Khufu ikitoboka mguu ukaonekana, haipanguswi. Udhu haupo, na sala haipo. Nilijiambia kwamba mguu hauonekani, kuna bablish. Halafu nikajiuliza kama kuna kitabu chochote kilichoandikwa kuhusu bablish.

Nikamwendea maalim wa dugsi kwa ujanja. Nikamwambia kuna mzee mmoja huko Elwak, khufu yake imetoboka na yeye haoni vizuri.

"Huyo mzee anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Basi hana dhambi. Siku akijua, atazirudia sala zake."

Nilifurahi. Kumbe nikinyamaza, mzee harudii chochote. Kunyamaza kwangu ni huruma.

"Lakini kuna mtu anajua," maalim akasema, "ndiyo maana wewe umesikia kutoka Elwak mpaka hapa. Mwambie huyo mtu kesi ni yake."

Siku zikaenda. Kila awoowe alipopangusa, vidole vyake vilipita juu ya kazi yangu. Siku moja alivinusa. "Awoowe," akaniita, maana wazee wetu hukurudishia jina lile unalowaita, "njoo unuse. Ngozi ya Makka inanukia mnanaa." Nikanusa. Nikasema mashallah. Akawasimulia wazee wenzake msikitini, na wawili wakaja nyumbani kunusa. Siku nyingine yoyote ningecheka hadi nianguke. Niliingia chooni, nikakaa humo mpaka walipoondoka.

Kilichonivunja ni dua zake. Kila akimaliza sala aliinua mikono na kuniombea nipite mtihani, kwa jina langu na la baba yangu, taratibu, kama anayetoa anwani ili nisikosewe. Nami nimekaa pembeni nikijua kilicho chini ya ile bablish.

Siku ya kumi na moja, wakati wa alasiri, joto likaiyeyusha. Nilikuwa natoka na mpira kwapani. Awoowe alikuwa amekaa kwenye mkeka uani akipangusa, na pale kwenye punje ya mahindi nikaona ngozi yake mwenyewe, iking'aa kwa maji.

"Awoowe, usisali."

"Kwa nini?"

Nikamwambia yote. Pikipiki, bomba, bablish. Hata mnanaa ulikotoka. Hakunipiga wala hakuinua sauti. Alivua khufu, akaingiza kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili, akakitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa ile ulipozitoa sandukuni."

"Za alfajiri ziko sawa," akasema polepole, akijizungumzia. "Alfajiri nilikuwa nimeosha. Zilizobaki ni nne kila siku." Akanyoosha mkono. "Lete maji."

Akaosha miguu yote miwili, maji yakaingia kwenye nyufa, akafumba macho. Alasiri ya siku ile akaisali kwanza. Halafu akaanza na adhuhuri ya Ijumaa ile, akimaliza moja anapumzika, anashika goti, anainuka tena. Mimi nilisimama na birika tupu mkononi, mpira umeviringika hadi ukutani. Nilitamani anitukane hata kidogo.

Mama akarudi kutoka sokoni. Akamwona baba yake akisali saa isiyo ya sala, miguu mitupu imelowa, khufu kando. Akaniuliza kwa macho, nikamweleza mara ya pili, kwa kunong'ona. Sikutia mzaha hata mmoja.

Akaweka kikapu chini. Akamtazama mzee akienda rukuu, kisha akanitazama mimi.

"Hooyo," akasema, akinirudishia jina ninalomwita yeye, mama, "huyu anazirudia zake kwa sababu yako. Na zako wewe, zile unazosema umezisali shuleni, utaanza kuzirudia lini?"