Matone Manne Usoni, Kesi Nyuma ya Kanisa

Mwenzenu kule Vudee siku hizi nikipita mbele ya kanisa napita nimeinamisha kichwa kama natafuta sarafu, na safari hii sina wa kumlaumu, nilijitafutia mwenyewe kwa uso wangu na mdomo wangu. Nawahadithia, ila mkicheka mcheke taratibu, bado panauma.

Rafiki yangu Nakijwa (tulipanga naye chumba kimoja Same mjini miaka mitatu, huyo anajua hata nikikoroma nakoroma vipi) aliolewa huko Vudee milimani, akajifungua mtoto wa kiume, Elisante, akaniomba niwe mama wa ubatizo. Mama mkwe wake hakutaka. Yeye alimtaka binti yake mwenyewe, Eliwaza, yaani wifi yake Nakijwa, kwa sababu Eliwaza anaimba kwaya, analima, halafu hajibizani na watu. Mimi mnanijua, ukinirushia moja nakurudishia nne na chenji naacha. Nakijwa akakomaa, akamwambia mkwe wake, "Huyu ndiye aliyekaa na mimi leba mpaka mtoto akalia, sina mwingine." Basi mama akakubali, ila nilipofika Jumamosi kulala pale kwao akanishika mkono akasema, "Mwanangu, ukimshika huyu mtoto umeshika na Nakijwa. Ukiharibu, umemharibia yeye." Nikaitika sawa mama, usingizi ukaniruka.

Sasa uso wangu wiki hiyo ulikuwa umejaa chunusi, na mimi ndiye ninayepamba maharusi Same nzima (sijasomea popote, nimejifundisha kwenye simu, lakini nenda kaulize). Nilijua fandesheni nzito haifai ubatizoni, utaonekana umepigwa plasta. Nikanunua ile nyepesi ya kuvaa kila siku, wanaiita seramu, ni kama mafuta yenye rangi, ina kamrija ka kudondoshea, unaweka matone manne unasambaza kwa vidole basi, na dada wa dukani alinihakikishia haihami usoni. Kwenye boksi wameandika utikise kwanza, halafu usubiri ikauke. Mimi nasoma maboksi? Mimi si fundi?

Asubuhi chumbani kwa Nakijwa kulikuwa na giza la ukungu, kioo chenyewe kama kiganja. Nikadondosha matone manne, sioni kitu, maji matupu. Nikaongeza manne mengine, bado. (Kumbe rangi yote ilikuwa imelala chini ya chupa inanisubiri.) Nikafungua mfuniko, nikapindua chupa kiganjani, ikatoka ya kupaka ukoo mzima, na mimi na ubahili wangu wa Kipare nitaimwaga? Nikapaka yote. Nakijwa akasema mbona shingo imebaki nyuma, nikapaka na shingo. Haijakauka, nje wanaita tunachelewa, nikapokea mtoto keshavishwa gauni lake la ubatizo, nikamlaza begani, shavu kwa shavu, Nakijwa akamfunika shali kwa nyuma, tukaondoka.

Kutoka pale hadi kanisani ni kupanda tu, na ule ukungu wa huko unatua usoni kama umepuliziwa maji. Mimi nimevaa viatu virefu (naomba msiniulize), kwa hiyo katikati ya kilima magoti yakagoma, nikamkabidhi Eliwaza mtoto akambeba mpaka juu anaimba. Eliwaza huyo alfajiri alikuwa shambani kuchimba magimbi ya sherehe, na udongo wa kule mwekundu, alinawa lakini kwenye kucha ulikuwa bado unasomeka.

Tukafika uwanjani mwa kanisa, watu wamejaa, mama mkwe akamfunua mtoto shali ili wamwone. Sasa lile gauni la ubatizo alilidarizi kwa mkono wake, alibatizwa nalo baba yake Elisante, akabatizwa nalo Eliwaza, na lilikuwa jeupe mpaka linaumiza macho. Begani na kifuani likawa na mabaka ya kahawia iliyoiva, kama mtu amelifutia jembe. Mama mkwe hakunitazama mimi. Alimtazama Nakijwa, jicho lile la si nilikwambia, na Nakijwa akaangalia chini.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Mimi unitukane mimi tutamalizana, ila usimfanye rafiki yangu aangalie chini.

"Eliwaza, umembebaje mtoto na mikono ya shamba?"

Ningeishia hapo ingekuwa heri. Nikaendelea, kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni, kwamba amefanya makusudi, kwamba anaona wivu kwa sababu alikosa nafasi, kwamba watu wengine wanaimba kwaya ila moyoni wana lao. Kwaya yote ipo. Wazee wa kanisa wapo. Eliwaza akaangalia mikono yake mbele, akaigeuza akaangalia nyuma, halafu akaniangalia mimi usoni, muda mrefu. Akatoa leso yake nyeupe ya kwaya, akanifuta shavu mara moja, taratibu, kama anafuta meza, akaiweka leso juu ya gauni. Rangi ileile.

"Dada, mimi magimbi nimechimba kwa mikono," akasema. "Wewe mwenzangu umechimba kwa uso?"

Mzee wa kanisa aliyeshika daftari la majina ya watoto alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mama mkwe ndiye hakucheka. Na sisi Wapare neno likitokea haliachwi likapita, lazima likaliwe kikao, hata kama kengele ya pili inalia. Tukaenda nyuma ya kanisa penye bomba, yeye, Nakijwa, Eliwaza na mshitakiwa. Akauliza nina la kusema. Nakijwa akafungua mdomo anitetee, nikaona huyu akinitetea leo atalipia miaka yote atakayokaa hapa ukweni.

"Nakijwa, nyamaza. Mama, nimemsingizia mwanao. Asimame yeye leo kuwa mama wa ubatizo, mimi nitakaa benchi la nyuma."

Mama akazungumza na Eliwaza kwa Kipare, polepole, nikasikia Eliwaza anakataa, anasema mtoto ameshaandikwa daftarini pamoja na jina langu mimi. Kisha hukumu ikatoka: kwa kuwa nimesingizia mbele za watu, nikaombe radhi mbele za watu, ila kwanza ninawe.

Nikanawa kwa maji ya bomba yanayokata kama wembe na kipande cha sabuni ya kufulia, chunusi zote zikatoka kuwasalimia watu, nikarudi uwanjani nikamwomba Eliwaza msamaha kwa sauti ileile niliyomtukania. Akaitikia kwa kichwa. Mama akanipa mtoto. "Mshike. Shavu liwe mbali." Ibada nzima nilimshika Elisante kama sufuria ya moto, mikono imenyooka, mpaka mchungaji akanong'ona kuniuliza kama mtoto anaumwa.

Tulivyorudi nyumbani, wageni wanakula, mimi niko kwenye beseni nafikicha gauni. Eliwaza akaja na sahani yangu ya makande, akachuchumaa, akashika upande wa pili wa gauni, akafikicha na yeye. Kisha akauliza, hiyo dawa yako ya uso inaficha na madoa ya jua? Nikamwambia inaficha, ila uitikise. Na hapohapo nikaapa: siku nyingine nikiona uchafu popote, nitaanza na kioo ndipo niende kwenye mikono ya watu.

Mama mkwe akaja kulikagua, akalinyanyua kwenye mwanga. Kwenye ukosi limebaki doa moja kama punje ya mtama, halitoki ng'o. Nikajikaza nikisubiri hukumu ya pili. Akalikung'uta akalianika mwenyewe kwenye kamba.

"Liache. Atakayefuata kulivaa tutamwambia hilo doa alilitia mama mdogo wa Same."

Nakijwa akaanza kulia, mimi nikala makande.