Siku Nyekundu Ilipotoweka

Ukurasa ule wa mtandaoni niliwatengenezea wanawake wa kikundi cha chai cha mama yangu, kule Lupepo. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuwaambia kama lori la kiwanda litapita leo. Jani likishachumwa halisubiri. Lisipoondoka siku ileile linavunda ndani ya gunia, na hakuna wa kulipokea. Simu ya kupangusa kikundini ilikuwa moja, ya mama. Yeye hutazama asubuhi, kisha huwapazia sauti wenzake. Herufi ndogo zinamshinda, kwa hiyo nilimwekea rangi. Kisanduku cha kijani, chumeni. Chekundu, bakini nyumbani. "Mwanangu hawezi kutudanganya," aliwaambia wenzake, na mimi kichwa kikavimba.

Siku moja niliamka mapema, chumbani kwangu Msasani, ile ya Tukuyu mjini, niupunguzie ukurasa uzito, maana mtandao wa vilimani ni wa kubahatisha. Sisi watengeneza tovuti hatupeleki kazi ikiwa ghafi. Kuna programu ya kufungasha: inakusanya mafaili yote, inayakamua, na ukitaka inatupa yasiyotumika. Nikairuhusu itupe. Nikaangalia kwenye kompyuta yangu, rangi zote zipo. Nikafungasha, nikapandisha mtandaoni, nikaenda kutafuta chapati.

Sikuufungua kwenye simu. Miaka yote hii kazini, na sikuufungua kwenye simu.

Nilipoufungua kwenye simu ilikuwa saa nne asubuhi, na kisanduku kilikuwa cheupe. Ndani yake, kwa herufi ndogo: leo lori haliji. Kosa nililijua kabla sijakaa. Majina ya rangi sikuyaandika kamili. Niliyagawa vipande viwili, viungane vyenyewe ukurasa unapofunguka. Nilijiona mjanja. Programu ile hutafuta majina kamili, na isipoyaona huzitupa rangi zake, kama mgeni anayesaidia usafi akatupa mbegu akidhani ni takataka. Kwenye majaribio, kabla ya kufungasha, haitupi kitu, ndiyo maana sikuona.

Nikajua pia mama angefikiri nini. Hakuna nyekundu, basi ruhusa.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mtu mwenye mikono yote miwili kwenye chai hapokei simu. Nikaandika majina kamili, nikafungasha upya, nyekundu ikarudi. Lakini aliyetazama alishatazama. Nikachukua bodaboda. Mvua ilitunyeshea njia nzima, na dereva alipopunguza mwendo kwenye matope nilimfokea, maskini, kana kwamba yeye ndiye aliyefungasha.

Niliwakuta kwenye banda la kupimia, wanawake tisa na magunia yaliyojaa. Ukipitisha mkono juu ya gunia unasikia jani limeanza kupata joto. Mwenyekiti wao, mama mkali, alikuwa ameishika simu ya mama yangu.

"Gwe, wewe, hapa ni nyekundu kabisa," alimwambia mama. "Na pameandikwa haliji. Wewe ulitutangazia nini?"

Nyekundu ile nilikuwa nimeirudisha mimi, nikidhani nawaokoa, kumbe nimetoa ushahidi dhidi ya mama yangu.

"Asubuhi palikuwa..." mama alianza. Ndipo akaniona nimesimama mlangoni, nimelowa chapachapa, nahema. Sijui alielewa kiasi gani, ila alielewa kwamba mtu asiye na kosa hatoki Tukuyu mbio namna ile.

"Ni macho yangu, jamani," akasema. "Uzee huu. Mnisamehe."

Nilifungua mdomo. Niliona aibu, na niliogopa kwamba hawatauamini tena ukurasa wangu. Nikaufunga mdomo.

Walinung'unika, kisha mmoja akamtania atafutiwe miwani, wengine wakacheka, wakaanza kumwaga magunia yao nyuma ya banda. Mama alimwaga la kwake wa mwisho.

Ukurasa wanautumia mpaka leo. Ila mama akitangaza rangi, mwenyekiti huichukua simu kwanza, akajitazamia mwenyewe. Mama humpa. Mimi bado sijawaambia.