Bwana Kijani na Feni Yake

Jina alilopewa na mama yake lilikuwa zuri, lakini ofisini hakuna aliyelikumbuka. Walimwita Bwana Kijani. Alikuwa karani wa oda kwenye kampuni ya magodoro, na kazi aliyoijua kuliko zote ilikuwa kuonekana yupo.

Meneja wao, mama mmoja mwenye mwili mkubwa na sauti nyembamba, aliwaingiza wote kwenye programu ya kuandikiana ujumbe. Kila jina lina kitone pembeni. Ukigusa kompyuta, kitone kinakuwa kijani. Ukiiacha muda kidogo, kinafifia, kinakuwa kijivu. Mwenye simu mambo yake ni mengine. Yeye hapati kitone cha kijani, anapata kialama cha simu, nacho kinakaa pale tu anapoitazama. Akiirudisha mfukoni, basi, kijivu.

"Kijani yuko kazini," meneja alisema. "Kijivu yuko kwao. Sitaki maneno mengi."

Naye alishika neno lake. Kila asubuhi alipitia vile vitone kama mfugaji anayehesabu kuku wake, na hakuwahi kujiuliza kuku wanataga nini.

Karani wa pili alikuwa Bi Mshale. Ulimi wake ndio uliompa jina. Huyo alizunguka kwa wateja, akapanda lori na madereva, akapima milango ya watu ajue kama godoro litapita. Kazi yake yote ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa mfukoni. Kwa hiyo kutwa alikuwa kijivu. Jioni anarudi na vumbi hadi kwenye kope, meneja anamwuliza, "Leo ulishinda wapi, mwenzetu?"

Bwana Kijani yeye alikuwa na feni. Ni ile ya kusimama, inayogeuza shingo huku na huku kama mbea. Alifunga uzi kwenye shingo ya feni, ncha ya pili akaifunga kwenye kipanya cha kompyuta. Feni ikigeuka, kipanya kinasogea. Kipanya kikisogea, kitone hakizimiki. Akienda kunyolewa, yuko kazini. Akilala chali kwake, yuko kazini. Feni ingekuwa na mdomo ingedai cheo.

"Kaka, wewe huendi hata chooni?" Bi Mshale alimwuliza mbele ya watu.

"Kazi ni wito, dada."

"Huo wito wako una upepo. Nikipita mlangoni kwako nasikia vuu tu."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka. Kwa nini asicheke? Nafasi ya mkuu wa oda ilikuwa wazi, na meneja alikwisha kusema Jumatatu atampa mmoja wao wawili. Kijani na kijivu, nani hajui mshindi? Nyumbani alikwisha kumwambia kaka wa mkewe kwamba cheo kapewa. Shemeji huyo siku zote alimwita "karani" kama mtu anayetema kokwa. Siku hiyo alimwita "mkuu" na akampisha kiti. Utamu wa kiti ukampanda kichwani.

Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kubaki peke yake na funguo za ghala. Aliwasha feni, akafunga mlango, akatia funguo mfukoni, akaenda nyumbani kulala.

Mchana lori likaja na magodoro mapya. Dereva akaandika kwenye kikundi cha kazi: "Nimefika. Ghala limefungwa. Funguo anazo nani?"

Meneja akajibu kutoka kwake: "Bwana Kijani yupo hapo. Namwona."

Mlinzi akapanda ghorofani, akagonga. Akatega sikio. Feni inavuma. Akashuka, akamwambia dereva, "Yumo. Ana kazi nyingi yule, hata kuitika hana nafasi."

Dereva alikuwa na safari nyingine. Akashusha magodoro uani, moja juu ya jingine, akaandika kwamba wingu limefunga, yeye kaondoka.

Huko nyumbani simu ililia mezani, mlio wa ujumbe. Ikalia tena. Mke wa Bwana Kijani akaingia anafuta mikono.

"Baba, simu."

"Iache."

"Inalia kama mtoto mwenye njaa. Si watu wa kazini hao?"

"Ndiyo maana naiacha. Nikiifungua tu, kitatokea kialama cha simu. Watajua siko mezani."

"Na kama wana shida?"

"Mimi niko ofisini."

Mkewe alimtazama pale kitandani, fulana imepanda juu ya tumbo.

"Uko ofisini," alisema. "Haya. Na mimi hapa naongea na nani?"

 Zipo nyumba zilizofiwa ambazo zingetoa kila kilichomo kusikia tena swali kama hilo. Yeye alijifunika shuka gubigubi.

Mvua ikaja. Godoro halijui kuogelea, linajua kunywa. Yalikunywa mpaka yakavimba na kulegea, yakalaliana uani kama walevi. Kwenye kikundi watu walipiga kelele kwa maandishi. Kaka, mvua! Kaka, funguo! Mbona yupo na hajibu? Na kitone kikawaka vilevile, hakikupepesa.

Jumatatu meneja alimwita. Bi Mshale alikuwa amekaa pembeni, kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

"Jumamosi ulikuwa ofisini?"

Hapo pakawa pabaya. Akisema alikuwepo, basi aliitazama mvua na hakuinuka. Akisema hakuwepo, kijani chake chote tangu mwanzo ni cha feni, na cheo kimekwenda. Akapima. Akachagua kitone.

"Nilikuwepo, mama."

"Mlinzi alipogonga?"

"Nilikuwepo."

"Mvua uliisikia?"

"Niliisikia... kidogo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Akatazama dari. Dari haikumsaidia.

"Nilizama kwenye kazi."

"Waliozama ni magodoro," Bi Mshale alisema.

Meneja hakupandisha sauti. "Ungekuwa kwenu, ningekuonya tu. Lakini ulikuwepo, nilikuona kwa macho yangu. Anayekuwepo namna hiyo simpi watu awaongoze. Cheo ni cha huyu. Wewe shuka uani ukaanike."

Ndivyo alivyosema, kwa macho yake. Feni ilikuwa bado inageuka ghorofani, na meneja bado alikuwa anaiamini.

Uani jua lilikuwa kali. Bwana Kijani alikuwa anahangaika na godoro la kwanza Bi Mshale aliposhuka.

"Kaka, niambie kweli. Simu kwa nini hukufungua?"

Alikuwa amechoka kudanganya. Akamwambia. Feni, kitanda, kialama.

Bi Mshale alicheka mpaka akashika ukuta. "Masikini wee! Kompyuta ikiwa inawaka, kialama cha simu hakitokei. Kijani ndicho kinabaki. Ungejibu kutoka huko huko kitandani, ukaja mbio na funguo, na nani angejua? Leo ningekuwa nakuamkia, mkuu!"

Bwana Kijani aliinamia kazi yake. Alibana godoro, maji yakamtiririkia ndani ya kiatu.

"Upande wa pili bado," mkuu wake alimwambia. "Geuza."