Mdogo Wangu Yuko Hewani

Mimi ni mwanamke mtu mzima, mshonaji wa sare za shule hapa Usagara, nina watoto waliokwisha kuoa, na ninacheza gemu la simu. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke amalize. Majirani zangu walicheka mpaka wakachoka wenyewe. Mama yangu, ninayeishi naye, hakucheka. Yeye alisema tu kwamba mtu akizeeka vibaya huanza kwa vidole.

Gemu lenyewe ni la kupigana. Una mtu wako, unamvisha, unampa silaha, unampeleka porini kupambana na mazimwi, na kadiri anavyoshinda ndivyo anavyoongezeka nguvu. Ni zuri, sitasema uongo. Ukipiga panga likampata zimwi, simu inatetemeka na unalisikia pigo mpaka kwenye kiwiko. Humo ndani kuna nchi ya theluji. Mimi ambaye baridi kali niliyoijua ni ya Lushoto, siku ya kwanza kufika huko niliacha kupigana, nikasimama nikatazama inavyoanguka.

Lakini lina kero zake, na kubwa kuliko zote ni kwamba bila mtandao huingii. Hata ukiwa peke yako, hata ukitaka kupanga tu nguo za mtu wako sandukuni, lazima seva ya huko kwao, sijui nchi gani, ikukubali kwanza. Mtandao ukikatika ukiwa vitani, mtu wako anabaki amesimama katikati ya maadui na wewe huna mkono wa kumwondoa. Halafu halisimami. Huwezi kuliambia lingoje. Sasa mtu mzima amebisha hodi mlangoni kwako, utamwambia asubiri umalize zimwi? Unaweka simu chini, shikamoo, marahaba, karibu ukae, habari za huko, nzuri, na ukirudi umeshakufa. Mimi humo ndani nimekufa mara nyingi kwa sababu ya adabu.

Nililianza kwa ajili ya mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alikwenda Pemba kwa shughuli ya biashara, akaoa huko, akabaki. Baba mkwe wake ana mikarafuu, na msimu ukifika mkwe mwanamume hakai kitako kutazama wenzake wakichuma. Anapanda. Mimi sijawahi kuogopa mti maishani, lakini mkarafuu niliuogopa tangu aliponieleza. Unakwenda juu sana, aliniambia, na matawi yake ni mepesi kuvunjika, na karafuu nzuri daima iko nchani. Alisema huku anacheka.

Kupiga simu hakupendi. Ukimpigia anajibu kwa maneno mawili, mzima, haya, kisha anakata. Ila gemu alilipenda, akanifundisha. Basi tukawa na desturi yetu: akishuka mtini alasiri, akaoga, akaswali, anaingia. Kwenye orodha ya marafiki kuna kitaa kando ya jina. Kikiwa kijani, mtu yuko hewani. Nikikiona kijani naacha charahani nami naingia. Wenzangu walidhani nina uraibu. Hawakujua kwamba msimu mzima nilikuwa sichezi, nilikuwa nahakikisha roho ya mtu imeshuka chini. Siku kitaa kikichelewa kuwaka nilikuwa nashona mikono ya shati nje ndani.

Siku ninayoisimulia simu iliita saa nane mchana. Alikuwa baba mkwe wake. Huyu mzee hajawahi kunipigia isipokuwa Idi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza hali, akauliza hali ya mama, akauliza mvua za huku. Niliona anavyozunguka. Kisha akasema, "Mwanangu, kijana wetu anaumwa kidogo. Mkipata nafasi njooni."

"Anaumwa nini, baba?"

"Kidogo tu. Nyie njooni."

Mtu wa bara asiyetujua angeshukuru kwamba ni kidogo. Sisi tunajuana. Kwetu mtu haambiwi kifo kwenye simu. Anaambiwa fulani anaumwa kidogo, njoo, ili miguu imfikishe, na akishafika, palipo na watu wa kumdaka, ndipo aelezwe. Baba yetu alipofariki Tongoni niliambiwa anaumwa kidogo. Nilikuwa sijaolewa bado, mjinga, nikapita sokoni nikamnunulia machungwa. Nilifika nayo kwenye kikapu nikakuta wanaume wamejaa nje kwenye mikeka na hakuna aliyeweza kuniangalia usoni. Tangu hapo, mtu akiniambia mgonjwa yuko mahututi napata matumaini. Neno "kidogo" ndilo linaloniua.

Kosa nililofanya ni kwamba nilikuwa nimesimama karibu na mama. Akaniuliza, "Anasemaje?" Na mimi, badala ya kutunga jambo, nikayarudia maneno ya mzee vilevile yalivyotoka.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini taratibu. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Hakulia. Alivuta kanga akajifunika kichwa na uso akabaki hivyo, na kule kutolia kwake kuliniogopesha kuliko kilio.

Habari ya namna hiyo haihitaji mtu wa kuipeleka. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama wa Kisambaa, Mlutheri, tumekaa naye tangu watoto wetu hawajaota meno, alichungulia akamwona mama alivyojifunika. Hakuuliza. Alirudi kwake akatoka na mkeka na benchi la kanisani kwao, akaanza kufagia uwanja wetu. Muda si muda wakaja wanawake wengine. Mmoja akawasha jiko. Mwingine akanishika bega akasema, "Pole, mwenzangu, kazi ya Mungu haina makosa." Nikasema, "Tumeambiwa anaumwa." Akaniambia, "Ndiyo, mwaya, ndiyo," kama anavyoambiwa mtoto.

Nilimpigia mdogo wangu. Hapatikani. Nilimpigia mkewe, simu ikaita mpaka ikakatika. Baba mkwe sikuthubutu kumpigia tena. Kumbana mtu mzima akuambie alichokuficha kwa heshima ni utovu wa adabu, lakini nisijisingizie adabu, niliogopa. Niliogopa asije akaniambia. Boti ya kwenda Pemba haipo kila siku, na hata ingekuwepo, njia nzima ningesafiri na neno "kidogo" kooni.

Ndipo nikakumbuka gemu. Nilijifungia chooni, maana ndiko pekee kusikokuwa na mtu wa kunipa pole, nikalifungua. Likaniambia haliwezi kuingia mpaka lipakue toleo jipya. Siku ile. Nilitazama mstari unajaa polepole kama mlevi anayepanda ngazi, huku nje nasikia masufuria yanagongana na mtu anauliza maji yapo ndoo ipi. Bando likaisha katikati. Nikanunua jingine, vidole vinakosea namba ya siri. Mstari ukajaa. Kisha likaniambia watu ni wengi, subiri zamu yako. Wallahi nilitaka kuitupa ile simu kwenye tundu. Mtu ndugu yake hajui kama yu hai, anaambiwa apange foleni na watoto wa dunia nzima wanaotaka kuua mazimwi.

Nikaingia. Nikafungua orodha. Kitaa chake kilikuwa kijani.

Msidhani nilifurahi. Kitaa kinasema simu yake imefunguliwa kwenye gemu, hakisemi imeshikwa na nani. Labda mkewe aliifungua akitafuta namba zetu. Labda ni shemeji mmoja kaikuta kitandani. Nikamfuata mpaka mjini, kwenye uwanja wa soko ambapo maadui hawaingii, nikamkuta mtu wake amesimama anatazama ukuta. Ngao mgongoni, kofia ile nyekundu tuliyohangaika nayo wiki nzima. Hasogei. Nikaandika, "Ni wewe?" Kimya. Nikamzunguka. Kimya. Yule mtu anapumua tu, kifua juu, kifua chini, jinsi walivyomtengeneza apumue hata kama mwenyewe hayupo. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama pumzi ile. Nikawa naomba, sogea baba, sogea kidogo tu.

Akasogea. Aligeuka, akakimbia mpaka kwenye mitungi iliyopangwa kando ya kisima, akaivunja. Yote. Mmoja baada ya mwingine.

Mitungi ile haina kitu. Kila mchezaji anajua haina kitu, hata mimi. Kuna mtu mmoja tu ninayemjua ambaye hawezi kupita mtungi bila kuuvunja, na nimemgombeza hata nimechoka kwa kunichelewesha. Nilikaa chini kwenye sakafu ya choo nikalia kwa sauti, nikaziba mdomo kwa kanga. Yu hai. Waliokaa uwanjani wamekaa bure, jiko lile lizimwe, benchi lirudi kanisani. Nikashika kitasa.

Ujumbe ukaingia. "Dada."

"Mungu wangu, umetuua. Mama kajifunika. Watu wamejaa. Mbona hupatikani?"

"Laini nimeizima, natumia waifai ya hapa hospitali. Sikutaka mnipigie mkanisikia sauti."

"Umefanya nini?"

Yule mtu wake alikimbia mpaka mwisho wa uwanja, akarudi. Akakimbia tena, akarudi.

"Nilianguka. Tawi lilikatika."

"Umevunjika?"

"Kuanzia kiunoni kushuka chini sisikii kitu, dada. Daktari ananichoma sindano kwenye unyayo namwangalia tu. Anasema tungoje uvimbe ushuke ila uso wake nimeuona. Nilimwomba baba mkwe asiwaeleze, akasema atajua la kusema."

Nilisoma mara mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, na mimi siku hiyo nilikuwa na vyote viwili, maradhi ya kuficha na kilio kilichokwisha kuanza uani bila maiti. Niliogopa upya, na hofu hii ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, maana ile ya kwanza ilikuwa na mwisho.

"Usimwambie mama," akaandika. "Bado. Mimi mwenyewe nitamwambia nikijua neno la kumwambia."

Mlango ukagongwa. Mama. Nadhani alinisikia nikilia akajua nimepata habari kamili. Nilipofungua alikuwa ameshika ukuta, kanga imemshuka, wanawake wawili nyuma yake tayari kumdaka.

"Niambie," akasema. "Nimeshajikaza."

"Yu hai, mama. Nazungumza naye."

Hakuniamini. Nilimwona kabisa hakuniamini, alinitazama kwa huruma, akidhani nimepungukiwa akili. Basi nikafanya ambalo sikuwahi kulifanya, nikamgeuzia simu. Mama yangu hajawahi kulitazama lile gemu. Akiniona nalo hugeuza uso. Sasa aliinama, akakunja macho, pua karibu igonge kioo.

"Yuko wapi?"

"Huyo mwenye kofia nyekundu. Yeye ndiye anayemwendesha. Kila anapokwenda, ni yeye."

Mdogo wangu alikuwa anazunguka kisima. Alikuwa anakimbia kwa nguvu zote ambazo gemu linampa mtu, anaruka ngazi, anashuka, anapanda, anazunguka tena. Mama alimfuata kwa kidole, hakigusi kioo, kinaenda naye tu.

"Ni yeye kweli?"

"Ni yeye. Nakuapia."

Akakalia ndoo iliyofunikwa, na ndipo machozi yakamtoka. Wale wanawake nyuma wakaanza kuulizana kwa kunong'ona. Mama akajipangusa kwa ncha ya kanga, akachukua simu mkononi mwangu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mtu anaumwa, kumbe anakimbia hivi." Kisha akanirudishia. "Mwandikie asikimbie sana. Mwambie mama yake anasema apumzishe miguu."

Alikuwa amekaa pale anangoja niandike. Nikaandika. Yule mtu mwenye kofia nyekundu akasimama.

"Mwambie sawa," mdogo wangu akajibu.